Watoto wa Mpakani: Malezi ya Dharura Busia na Tororo



Mwanzoni mwa Januari 2008 wakazi wa Busia na Malaba upande wa Uganda waliona jambo walilozoea kuliona likienda kinyume. Kwa miaka mingi waliokuwa wakikimbia kwenye mpaka huu ni Waganda wakielekea Kenya. Safari hii waliovuka walikuwa Wakenya. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na ghasia zikazuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wapatao 12,000 waliingia Uganda.

Katika kila kundi la watu wanaokimbia kuna watoto, na miongoni mwa watoto hao huwamo wasio na mzazi. Mwengine alikuwa shuleni ghasia zilipoanza. Mwengine alipandishwa gari na jirani huku mama akisema atafuata. Mwengine alishikwa mkono na dada wa miaka kumi na mmoja. Mtoto wa namna hii usiku wa kwanza analala kwa nani? Na je, baada ya wiki mbili kuna mtu anayejua bado yuko pale, anakula, anakwenda shule, na hapigwi?

Swali la kwanza lina majibu mengi kwa sababu watu wetu ni wakarimu. Makala hii inahusu zaidi swali la pili. Historia inatuonyesha kwamba watoto wengi walioumia katika malezi ya dharura hawakuumia kwa kukosa nyumba. Waliumia kwa sababu walipokwisha kupata nyumba, hapakuwa na mtu wa kufuatilia.

MPAKA ULIOPITA KATIKATI YA JAMAA

Kwanza tuijue sehemu yenyewe. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Naivasha kuelekea magharibi ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa Kenya ya leo, na mpaka ukasogea hadi huku. Uliwapata Wasamia na Waiteso, ukawagawa. Ndugu wa baba mmoja wakajikuta wengine wana chifu wa Kenya na wengine wana viongozi wa Uganda.

Mpaka leo Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mmoja Uganda. Malaba nayo ni hivyo hivyo. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipofanywa wilaya yake. Neno "bodaboda" lenyewe linaaminika lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka kizuizi kimoja kwenda cha pili.

Kwa mtoto aliyetengana na wazazi, jambo hili lina faida na lina hatari. Faida ni kwamba mara nyingi shangazi au mjomba yuko kilomita chache tu ng'ambo ya pili, na lugha ni ile ile. Hatari ni kwamba mtoto anaweza kuvushwa kwa dakika tano nyuma ya baiskeli, na afisa aliyeandika jina lake asijue amekwenda wapi.

MISUKOSUKO ILIYOTANGULIA

Kulea mtoto wa mwenzio si jambo geni hapa. Katika miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, familia nyingi za Uganda zilipita Busia na Malaba kukimbilia Kenya, na nyingi zilipokewa na jamaa kabla hazijafika ofisi yoyote. Desemba 1987 vikosi vya nchi hizi mbili vilirushiana risasi hapo Busia na mpaka ukafungwa. Waliokwenda sokoni au kwa ndugu asubuhi walijikuta wamekwama ng'ambo.

Kisha ukaja msiba wa UKIMWI, uliovunja nyumba nyingi kuliko bunduki. Barabara kuu ya malori kutoka Mombasa kwenda Kampala inapita hapa, na madereva walikuwa wakilala siku kadhaa wakisubiri karatasi za forodha. Katika miaka ya 1980 na 1990 wazazi vijana walikufa kwa wingi, na watoto wakaachiwa mabibi. Shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987, lilikuwa na kituo Tororo kuhudumia wagonjwa na familia zao.

Mabibi wale waliifanya kazi kubwa ambayo serikali zote mbili zisingeiweza. Lakini kipindi hicho kilifundisha pia kwamba damu peke yake si dhamana. Palikuwa na watoto waliochukuliwa na jamaa kwa ajili ya shamba la marehemu. Palikuwa na wasichana waliochukuliwa wawe watumishi wa nyumba, wakaachishwa shule. Jirani aliona, akanyamaza, kwa kuwa "hayo ni mambo ya ukoo."

JANUARI 2008 NA BAADA YAKE

Wakenya waliovuka mwaka 2008 walihifadhiwa kwanza karibu na mpaka, katika majengo ya shule na kwa wenyeji. Baadaye wakapelekwa kwenye kambi ya muda iliyofunguliwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Kazi hiyo iliongozwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda, inayoshughulikia wakimbizi, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, na Msalaba Mwekundu wa Uganda.

Wengi wao walikuwa Wakikuyu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara magharibi mwa Kenya. Jambo hili lilibadilisha hesabu ya kawaida ya mpaka huu, kwani hawakuwa na shangazi Tororo. Jamaa zao walikuwa Kenya ya kati, mamia ya kilomita, na njia ya kwenda huko ndiyo iliyokuwa na vizuizi vya vijana wenye mapanga. Kwa mtoto aliyetengana, kumtafutia jamaa ya karibu halikuwa jambo la siku moja, na kumkabidhi kwa mtu yeyote aliyedai kumjua ilikuwa hatari.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008. Wengi walirejea. Wengine walikataa, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa zimechomwa au viwanja vyao kuchukuliwa, na hao baadaye walihamishiwa Kiryandongo, iliyokuwa wakati huo katika wilaya ya Masindi.

Mnamo Mei 2008 serikali ya Kenya ilianza "Operesheni Rudi Nyumbani" kuwarudisha waliokuwa kambini ndani ya nchi. Baadhi ya wazazi walirudi kwenye mashamba yao wakaacha watoto nyuma karibu na shule, hadi watakapojenga tena. Kwa hiyo familia zilitengana mara ya pili, wakati wa amani, kwa hiari na kwa nia njema. Tukumbuke jambo hili, maana watu wengi hudhani kazi ya kuwalinda watoto inakwisha risasi zinapokwisha.

KWA NINI NYUMBA, NA SI KITUO?

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tusiwajengee kituo kimoja, watoto wote wakae pamoja, walishwe na kulindwa?

Jibu limetokana na uzoefu mchungu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, takriban watoto 100,000 walitengana na familia zao. Vituo vilifunguliwa haraka ndani ya Rwanda na huko Goma. Vingine viliwasaidia sana. Lakini ilionekana pia kwamba kituo chenye chakula huwavuta watoto ambao wana wazazi, kwa sababu mzazi mwenye njaa huona ni heri mwanawe ale huko. Watoto wadogo hasa huhitaji mtu mmoja wa kumlilia usiku, na kituo chenye watoto mia hakiwezi kumpa kila mmoja mtu wake.

Kutokana na mafunzo kama hayo, mwaka 2004 UNHCR, UNICEF, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine matatu walikubaliana kanuni za kuwahudumia watoto waliotengana. Kwa ufupi hatua ni hizi:

1. Kumtambua mtoto mapema, pale pale anapofikia.
2. Kumwandika: jina lake lote, majina ya wazazi, kijiji, shule, nani alimleta, alivaa nini.
3. Kumweka kwa muda katika familia, ikiwezekana ya jamaa au ya watu wa kwao, bila kumtenganisha na ndugu zake.
4. Kuwatafuta wazazi.
5. Kumrudisha, baada ya kuhakikisha kuwa anayemdai ndiye kweli na kwamba nyumbani ni salama.

Mtoto mdogo huenda asijue jina la baba ila "Baba Juma". Lakini anajua jina la mwalimu, rangi ya mlango wa duka, au mto anaovuka kwenda shule. Kwa habari ndogo kama hizo wazazi wamepatikana. Ndiyo maana maandishi ya siku ya kwanza ni ya thamani sana, kwani mtoto wa miaka minne husahau upesi.

MSIMAMIZI ANAFANYA NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Kumweka mtoto katika nyumba ni kazi ya jioni moja. Kusimamia ni kazi ya kila wiki, haina shangwe, na hakuna anayeipiga picha.

Msimamizi wa mpango wa dharura anatakiwa kwanza awe na daftari moja linaloaminika. Kila mtoto ana ukurasa wake, na kila ziara ina tarehe yake. Afisa asiyeandika tarehe atakuja kudhani alikwenda juzi, kumbe ni miezi miwili.

Pili, anamchagua mlezi kabla ya kumkabidhi mtoto. Anawauliza majirani na viongozi wa mtaa: mwenyekiti wa LC 1 upande wa Uganda, chifu na wazee wa kijiji upande wa Kenya, imamu au mchungaji. Anauliza nani mwengine analala katika nyumba hiyo. Hapigi hesabu ya utajiri. Anaangalia kama watoto waliomo wanamkimbilia mwenye nyumba au wanamkimbia.

Tatu, anatembelea bila kuaga, na anazungumza na mtoto faraghani. Mtoto akiulizwa mbele ya mlezi "unakaa vizuri?" atasema ndiyo hata kama ana njaa. Msimamizi anaangalia mahali anapolala, anaulizia mwalimu kuhusu mahudhurio, analinganisha nguo za mtoto huyu na za watoto wa nyumba. Anauliza nani anachota maji, na mara ngapi.

Nne, anamsaidia mlezi. Huyu naye ana maisha magumu, na mtoto aliyeona nyumba ikichomwa hukojoa kitandani, hupiga kelele usiku, huiba chakula akakificha chini ya mkeka. Mlezi asiyeelezwa mambo haya atadhani ni utundu, ataanza kumpiga. Akielezwa mapema, atavumilia.

Tano, ana uwezo wa kumwondoa mtoto siku hiyo hiyo ikibidi. Kwa hiyo lazima awe na familia ya akiba. Msimamizi asiye na mahali pengine pa kumpeleka mtoto atajikuta anajilazimisha kuamini kwamba mambo ni mazuri.

FUNZO KUTOKA UINGEREZA, 1945

Tusidhani haya ni matatizo ya nchi maskini tu. Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliwahamisha watoto kwa mamia ya maelfu kutoka mijini kwenda vijijini, wakae na watu wasiowajua. Nchi nzima ikazoea wazo la mtoto kulelewa na familia ya ugenini.

Mwaka 1944 mvulana aitwaye Dennis O'Neill, aliyekuwa chini ya uangalizi wa baraza la mji wa Newport huko Wales, aliwekwa katika shamba moja huko Shropshire, ng'ambo ya mpaka wa Wales na Uingereza. Januari 1945 alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula, akiwa na miaka 12. Mwenye shamba alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba kulikuwa na mabaraza mawili, la Newport lililomtuma na la Shropshire alikokuwa, na kati yao usimamizi wa mtoto ulidondoka. Mfanyakazi aliyemtembelea Desemba 1944 alipendekeza aondolewe. Hatua ikachelewa, na mtoto akafa wiki chache baadaye.

Kisa hiki kilisaidia kuleta kamati ya Curtis ya mwaka 1946 na Sheria ya Watoto ya mwaka 1948, iliyotaka kila eneo liwe na afisa wa watoto mwenye kuwajibika kwa jina lake.

Hebu tuyalinganishe na Busia. Yale yalikuwa mabaraza mawili ya nchi moja, yenye simu na posta. Hapa kwetu ni serikali mbili, sheria mbili, na sarafu mbili. Mtoto anayevuka kutoka ukurasa wa afisa wa Tororo kwenda kwa afisa wa Busia, Kenya, anaweza kukosekana katika daftari zote mbili.

SHERIA ZINASEMAJE?

Sheria zipo, tena nzuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 20, unasema mtoto aliyekosa familia anastahili ulinzi maalumu. Unaitaja kafala ya Kiislamu kwa jina miongoni mwa njia za malezi, na unataka dini, lugha na utamaduni wa mtoto viangaliwe. Mwaka 2009 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha miongozo ya malezi mbadala.

Uganda ilitunga sheria yake ya watoto mwaka 1996, yenye kanuni za kuwaweka watoto kwa walezi na kuwatembelea, ikairekebisha mwaka 2016. Mwaka 2012 ilitoa mwongozo wa taifa wa malezi mbadala, unaotanguliza familia na kuweka vituo mwisho. Kenya ilikuwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na sasa ile ya mwaka 2022, ambayo imeitambua kafala kwa watoto wa Kiislamu.

Upungufu hauko katika maandishi. Afisa mmoja wa ustawi wa jamii hubeba wilaya nzima, mara nyingi bila usafiri.

KAFALA NA MASHAHIDI

Kwa familia za Kiislamu jambo hili lina mizizi ya zamani. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa baba yake amekwisha kufa. Alipokuwa na miaka sita mama yake, Bi Amina, alifariki njiani kutoka Madina, na Ummu Ayman ndiye aliyemchukua mtoto hadi Makka akamkabidhi kwa babu yake, Abdul Muttalib. Miaka miwili baadaye babu naye akafariki, akapokewa na ami yake, Abu Talib. Huyo ni mtoto aliyefikwa na msiba safarini, akapata mlezi wa njiani, kisha jamaa, kisha jamaa mwengine.

Mara nyingi mawaidha yetu yanaishia kwenye ujira wa kumlea yatima. Tukumbuke na upande wa pili. Suratul Ahzab inataka watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao, na hii ndiyo kazi ya ukurasa wa kwanza wa daftari: jina la mtoto lisipotee. Suratun Nisaa, inapoeleza kuwakabidhi mayatima mali zao, inaamrisha kuwepo mashahidi. Mlezi mwema hakuondolewa katika amri hiyo. Kwa hiyo afisa anapobisha hodi kukagua, mlezi asione ametuhumiwa. Ushahidi unamlinda mtoto, na unamlinda yeye pia.

MPAKA BAADA YA 2008

Mambo mengine yamebadilika. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa mwaka 2018, ambapo maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Hatua hiyo ilifanywa kwa ajili ya biashara, lakini maafisa wanaojuana kwa sura wanaweza pia kuulizana habari za mtoto.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliufunga mpaka kwa abiria, malori tu yakaruhusiwa. Shule za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Watoto waliokuwa wakisoma upande mmoja na kulala upande wa pili walilazimika kuchagua. Na usafirishaji haramu wa watoto haujakwisha. Wasichana kutoka Karamoja, hasa wilaya ya Napak, wamekuwa wakipitishwa Busia kupelekwa Nairobi kufanya kazi za nyumbani. Wanapookolewa na kurudishwa, nao huhitaji nyumba ya muda yenye kusimamiwa, la sivyo watarudi njia ile ile.

KWA FAMILIA NA WANAFUNZI

Si kila nyumba inaweza kupokea mtoto, na hapana aibu kusema hatuwezi. Lakini yapo yanayowezekana kwa kila mmoja:

1. Mtoto mgeni akionekana mtaani, habari zifike siku hiyo hiyo kwa kiongozi wa mtaa na afisa wa watoto. Kumchukua kimya kimya, hata kwa huruma, kunawafanya wazazi wake wasimpate.
2. Wazazi wawafundishe watoto wadogo majina yao matatu, jina la kijiji, na namba moja ya simu kwa moyo.
3. Ndugu wakigombana na kutengana, au wakisafiri na kuacha watoto, waandike nani amebaki na nani, na mtu wa tatu ajue.
4. Misikiti na madrasa ziwe na orodha ya familia zilizo tayari, zilizokwisha kuulizwa na kuchunguzwa kabla ya dharura.
5. Walimu wawaulizie watoto wa kulelewa wanapokosa shule siku mbili mfululizo.
6. Anayeona mtoto wa jirani anateswa aseme. "Mambo ya ukoo" si udhuru.

Tukiwahesabu mabibi, majirani na maimamu waliowapokea watoto Busia na Tororo katika miaka hii yote, tutaona kwamba ukarimu haukupungua. Kilichopungua ni mtu wa kurudi wiki ya pili, na ya tatu, akiwa na daftari mkononi, akamwita mtoto pembeni na kumuuliza anaendeleaje. Wanafunzi mnaosoma ustawi wa jamii, ualimu na sheria, nafasi hiyo inawasubiri.

Wabillahi tawfiq.